Mkweche Hauingii Nyumbani Kwangu

Mume alikuwa ameshajisukuma chini ya gari, imebaki miguu tu nje, na mke akaiambia ile miguu: "Huu mkweche hauingii nyumbani kwangu. Nimesema."

"Fremu nzima!" sauti ikajibu kutoka chini. "Mke wangu, njoo uchungulie. Fremu nzima kabisa!"

"Nichungulie nini? Kutu?"

Kutu ilikuwepo, wala haikuhitaji kutafutwa. Lilikuwa gari la zamani, jipi la kupandia milima, la enzi zile bati lilipokuwa bati. Milango imeliwa kwa chini, kiti cha dereva kimechanika hadi springi zinakodoa macho, na hema la nyuma ungeweza kulichujia chai. Muuzaji, bwana wa makamo aliyekunja mikono ya shati lake la ofisini, alisimama kando na kitambaa, akifuta boneti ambayo haikuwa na cha kufutwa.

"Lina historia hili, mzee," alisema. "Lilikuwa la baba yangu. Alilinunua likiwa bovu hivi hivi, akalifufua mwenyewe."

Mume akatoka chini, vumbi mwili mzima, magoti yanalia. Akavua kofia.

"Pole sana, bwana. Mungu ailaze roho yake mahali pema. Baba yako alikuwa fundi hasa. Nimeona alivyochomelea pale chini. Mtu hachomelei vile kama hana mapenzi na kitu."

Muuzaji akasema asante. Ilimtoka kwa shida, kisha akarudi kwenye boneti yake.

Mke alikuwa amekunja mikono kifuani. Usimwone mkorofi, jamani. Kwa mambo mengine alikuwa mpole kupita kiasi. Hili tu ndilo alilolikazia uzi. Kila mume alipomaliza kusifia, yeye alikuwa na kasoro nyingine tayari: rejeta inavuja, vipuri vya kuokoteza, uani hakuna nafasi, majirani watatucheka. Na alivyozidi kukataa, ndivyo mume alivyozidi kuchangamka, anamshika bega, anambembeleza, anamtolea lile tabasamu la upande mmoja lililomnasa tangu siku ya kwanza. Mke alilitazama tabasamu hilo, asitake liishe. Alitamani wabishane hadi jua lizame. Neno "haya" lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wake, na aliliogopa kuliko kitu chochote duniani.

"Na ile pikipiki?" akauliza haraka. "Si uliibomoa ukasema utaiunda upya? Nilikanyaga boliti jikoni mpaka nikazizoea!"

Mume akacheka akashika ubavu. "Na ile nati kwenye mchuzi!"

"Mgeni wangu nusura aimeze!"

"Mgeni gani? Kaka yako yule! Na angeimeza ningemdai."

Wakacheka wote wawili, mpaka mke akalazimika kuegemea mlango. Hata muuzaji alicheka, tena yeye alianza kabla nati haijafika kwenye mchuzi.

Mke akajifuta macho, akakaza tena sura. "Hapana ni hapana."

Safari hii mume hakubisha. Alikaa kwenye bampa, akamvuta mke karibu yake. Alipoongea tena, utani ulikuwa umekwisha.

"Mama yako miguu inamsumbua. Hawezi kuja kwetu, na basi halifiki kule juu kwake. Wewe unalia chinichini ukidhani nimelala. Mimi nakusikia. Sasa hili linapanda. Nipe muda nilitengeneze, nikupeleke ukamwone mama yako. Silitaki kwa ajili yangu, mke wangu. Nalitaka kwa ajili yako."

Mke akageuza uso. Vipuri angeweza kuvikataa, rejeta angeweza kuikataa, hata kicheko cha majirani angekitumia kubishana mpaka jioni. Lakini hili hakuweza kulikataa. Mume alikuwa anamtazama machoni, anasubiri.

"Haya," alisema. "Haya, mume wangu. Tulichukue."

"Kweli?"

"Kweli."

Mume akaruka kutoka kwenye bampa kama hana magoti. Akaunyakua mkono wa muuzaji, akautikisa weee. "Umesikia, bwana? Umesikia? Mke wangu amekubali!" Akalipiga gari kofi la furaha, vumbi la kutu likamwagika miguuni, akacheka tena.

Kisha kicheko kikaanza kupungua. Akaitazama boneti. Akautazama ukuta wa nyumba, akamtazama muuzaji, akarudi kwenye boneti. Mwisho akamtazama mwanamke aliyekuwa amemshika mkono, akauchomoa mkono wake taratibu, kwa adabu.

"Samahani, dada," alisema. "Kuna mtu unamsubiri hapa?"

Mke aliokota turubai lililokuwa chini, akaanza kulifunika gari.

"Leo umekubali mapema mno, mama," muuzaji alisema, akimshika baba yake mkono ili amwingize ndani.