Khanga Isiyonyamaza

Kutwa nzima Mwanasiti alikuwa kiwandani akibandua kutoka kwenye vioo utando wa skrini, mwembamba kama ganda la kitunguu, wa kushonea khanga. Siku hizi mtu hachagui jina la khanga. Khanga yenyewe huandika yaliyo moyoni mwa mvaaji, na kuvaa nyingine ni marufuku.

Alirudi hoi, akainama kumgeuza ubavu mama mkwe wake, aliyepooza miguu.

"Umechoka, mwanangu?"

"Wala sijachoka, mama."

Mama mkwe akakodolea macho pindo la khanga ya Mwanasiti. Mwanasiti naye akatazama, akasoma: ITAISHA LINI KAZI HII?

Akaikunja kwa haya, ingawa alijua utando ule haukatiki wala hauzimiki.

Mama mkwe akavuta shuka kufunika khanga yake mwenyewe. Maandishi yakapenya: HATA MIMI NANGOJA IISHE.