Jembe la Skola

Siku hizi, ndugu zangu, chuma kitupu hakiuzwi. Magunzi, matairi na mifuko ya plastiki yote huenda kiwandani, yakachomwa mpaka yakawa masizi laini kuliko unga, na masizi hayo ndiyo hupakwa mabati, sufuria, hata majembe. Basi hakuna kutu wala kulika.

Asubuhi moja mke wa Mzee Ndunguru aliingia jikoni na jembe walilompa mkwe wao Skola, mke wa Gaudensi, alipoolewa.

"Baba Gaudensi, tazama! Miaka yote hii, bado jipya. Langu mimi liliisha likawa kama kijiko. Huyu halimi, arudi kwao!"

"Na mahindi unayotafuna yalilimwa na nani? Panya?"

"Gaudensi."

Mzee akacheka, maana mwanawe anamjua. Akamwita Skola.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hebu lete mikono."

Viganja vilikuwa vigumu kama gome, na vidole viwili havikunjuki tena. Mama Gaudensi akaona, akaliweka jembe chini taratibu.

"Zamani," mzee akasema, "jembe likiisha, mwanamke alipumzika mpaka mumewe alete lingine."

Skola akaliokota, akajitwisha begani.

"Na hili, baba, litaisha lini?"