Majani ya Vyura wa Mathias

Bibi Walburga aliingia tena bwawani, kanga ameikaza kiunoni, mundu mkononi. Majani mazuri yalikuwa hapo hapo kando, penye tope. Aliyapita. Alikwenda penye kina, maji yakamfika mbavuni.

"Shikamoo, bibi," Isidori, mfyatua tofali, alimwita kutoka kwenye tanuri lake. "Leo tena?"

"Marahaba. Leo tena."

"Hao vyura wako wana maringo kweli. Wenzao wanalala mtaroni wala hawachagui."

Walburga akatabasamu, akazamisha mkono, akang'oa.

Bwawa lenyewe lilikuwa shimo tu la wafyatua tofali wa mtaa wa Bombambili. Mvua za miaka zilikuwa zimelijaza, na matete yakalifunika hata mgeni akadhani ni shamba.

Vyura walikuwa wa Mathias, mjukuu wake, mtoto wa binti yake Suzana. Alinunua kabati bovu la vioo la muuza maandazi, akaziba nyufa kwa silikoni, nusu akatia udongo, nusu maji, akawaweka humo. Kijana mzima ana ndevu, anacheza na vyura! Mtaa ulimcheka sana. Yeye wala hakujali. Jioni alimvutia bibi yake kigoda mbele ya vioo, akamfundisha. Hili lenye mizizi kwenye tope na kichwa nje, chura hupanda akapumzika. Hili linaloelea ni la kivuli. Magimbi usiniletee, bibi, utomvu wake unawasha, na ngozi ya chura inakunywa kila kitu. Na jani jipya lilaze kwanza kwenye ndoo ya maji safi, ruba watoke.

Kisha masika yalipokolea, Mathias alitoka mchana mmoja asirudi. Simu ikawa haipatikani. Watu wakasema vijana wengi wamekimbilia machimbo ya vito Tunduru. Mwingine akaleta habari kwamba huko machimboni, Nakapanya, ameonekana kijana mrefu, anafanana naye hata mwendo. Babu Gaspari, mume wa Walburga, aliishikilia habari hiyo kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba yake. Walburga alipogusia kupeleka jina kwa padri, mjukuu asomewe misa, mzee alilirudisha tonge sahanini.

"Misa ya nini, Mama Suzana? Mtu yuko hai unamlilia? Usimchurie mtoto. Yuko Tunduru anachimba. Atarudi na pikipiki yake, utaona aibu."

Imani hiyo Walburga alikuwa amekua nayo tangu mdogo: ukimfanya mtu aliye hai kama maiti, kwa machozi au kwa kumtafuta, wewe ndiye unayemsukuma huko. Akasema tu kwamba, basi, vyura wa mtoto wasije wakafa kabla hajarudi. Kwa hilo mzee alikubali, tena kwa moyo mmoja. Alimnolea mundu mwenyewe.

Ndipo safari za bwawani zikaanza. Alileta matete, kesho yake akasema yamezidi urefu, yanagonga kifuniko. Alileta mafunjo, makali, yatawachana vyura. Yungiyungi likaoza. Yale madogo ya kuelea yalikuwa mema, lakini akasema machache, akarudi kutafuta mengine. Yaliyokataliwa yalirundikana uani, mbuzi wa jirani wakanenepa.

"Mathias akija atakuta msitu," Gaspari alisema, akiangalia upande wa kabati kwa macho yake ya ukungu. "Wanaendeleaje?"

"Wapo."

Devota, mwenye hao mbuzi, alimkuta njiani amelowa chapachapa, anabandua ruba mguuni.

"Jamani, bibi Mathias, nyuma ya bafu langu kangaga limejaa. Ya nini kujitesa? Njoo uchukue."

"Hilo silo."

"Silo nini?"

"Vyura hawalitaki."

"Wamekwambia?"

Walburga alicheka mpaka akakohoa. Lakini kangaga hakwenda kulichukua.

Siku ya jumuiya, Gaspari akiwa kwenye sala, Devota alilileta mwenyewe kwenye beseni. Akapita moja kwa moja hadi kwenye kabati, akafunua majani huku na huku. Akainama. Akafunua tena.

"Bibi. Mbona hamna chura hata mmoja?"

"Walikufa."

"Lini?"

"Zamani. Mvua zilikuwa bado hazijakatika."

"Na babu?"

"Macho yake hayafiki humo. Naomba usimwambie, mama."

"Simwambii. Lakini sasa majani yote haya unamng'olea nani?"

Walburga alichukua mundu mlangoni, akatoka.

Bwawa lilikuwa jeupe. Palipokuwa na matete sasa palikuwa na maji matupu yanayong'aa, isipokuwa kichaka kimoja pembeni kabisa, upande wa mbali. Isidori alimwona akipita, akafungua kinywa amtanie, kisha akaendelea na tofali zake.

Alikata tete la kwanza, akalitupa nyuma bila kulitazama. La pili akalitupa. Yalipokwisha yote aliuweka mundu ukingoni, akasimama kidogo, akifumba macho. Kisha akaanza kupapasa tope kwa nyayo, taratibu, kama alivyofanya kila siku tangu alipoziokota ndala za Mathias kando ya bwawa hilo, akazificha.