Pengo la Besi

Kwa miaka kumi na tisa Shomvi alipiga gitaa la besi katika bendi ya kukopi nyimbo za bendi moja ya zamani, mpaka bega linalobeba mkanda wa gitaa likalala upande. Alikopi kila kitu, hata lile pengo. Kwenye santuri ya bendi hiyo, katikati ya wimbo wa mwisho, besi ilinyamaza kwa mapigo mawili. Shomvi naye alinyamaza hapohapo kila Jumapili, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Jumapili hii, wakati wa mapumziko, alifuatwa na mzee mwenye mkongojo. Ndiye aliyepiga besi kwenye santuri ile.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hivi mwanangu, pale katikati unanyamaza kwa nini?”

“Si wewe mwenyewe ulinyamaza?”

“Mimi uzi ulinikatikia. Muda wa studio ukaisha, hatukurudia.”

Shomvi akavaa tena mkanda wa gitaa. Miaka yote kumi na tisa ikamlemea begani.

Wimbo wa mwisho ukaanza. Pengo lilipokaribia, ukumbi mzima uliinua mikono kulingoja. Mzee alisimama mbele ya spika, amefumba macho. Chini ya vidole vya Shomvi, nyuzi zote nne zilikuwa nzima.