Bendera Elfu Nne za Sindwe

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Zuhair aliwasha kiberiti cha gesi na kuchoma kipande cha kitambaa juu ya meza ya kukatia. Kiliungua chote, kikaacha jivu jepesi.

"Pamba tupu," alisema. "Nailoni ingeyeyuka ikadondoka. Nataka hii hii."

Kagwe, msimamizi wa kiwanda hicho cha sare katika Eneo la Viwanda Thika, alifurahi kupata mteja anayejua kitambaa. Wengi walijua bei tu.

Oda ilikuwa bendera elfu nne: kijani, nanga nyeupe katikati. Amida, fundi mkuu wa kukata, aliiona nanga kwenye mchoro akaweka mkasi chini.

Alizaliwa kisiwani Sindwe. Historia ya kisiwa hicho ni fupi. Wageni wa kwanza walikuja kukilinda dhidi ya maharamia. Wa pili walikuja kukilinda dhidi ya wa kwanza. Wa tatu, wenye nanga, hawakutaja adui. Walijiita Dola Mlinzi, wakaandika mkataba, na kila ulipokaribia kwisha waliwauliza wananchi kama wana la kusema. Baba yake Amida alikuwa nalo. Ndiyo sababu Amida alikulia uhamishoni, mtaa wa Kiuu, si mbali na Thika.

Lafudhi ya Zuhair ilikuwa ya kwao kabisa.

"Unawashonea hao bendera?" alimuuliza.

"Ni za siku ya kuongeza mkataba, dada. Waangalizi wa kimataifa watakuwepo. Kila mtu uwanjani atakuwa na yake."

"Na baada ya hapo?"

"Hatutazihitaji tena."

"Huna haya."

Zuhair alimtazama Kagwe, kisha mlango uliokuwa wazi. Alilipa, akarudi alikofikia, mtaa wa Membley.

"We Amida, unataka kunifukuzia kastoma?" Kagwe alifoka. "Hapa hata shetani akilipa tunampima suruali, na tundu la mkia tunamtobolea!"

"Nitazikata, bosi. Lakini pamba nzuri hivyo siwapi hao."

Alimpeleka stoo, kwenye majora yaliyolala huko tangu mwaka jana: kitambaa cha aproni za mafundi wa kuchomelea vyuma. Mteja aliyekiagiza alikikataa kwa kosa moja, kwamba kilitoka kijani badala ya buluu. Majaribio mengine yote, hata la cheche, kilikuwa kimepita. Kilikuwa kigumu kama turubai.

"Haiwezi kupepea, hii," Kagwe alisema.

"Ndivyo ninavyotaka. Ining'inie kama tambara la jikoni."

Kagwe aliifikiria pamba yake ikibaki na yale majora yakitoka.

"Hiyo sasa ndiyo naita uzalendo," alisema.

Bendera zilishonwa, zikafungwa marobota, zikasafirishwa. Hakuna aliyeyafungua hadi asubuhi ya sherehe. Forodha ya Sindwe haikagui bendera ya Mlinzi; huipigia saluti.

Siku ya mkataba, mafundi walizunguka simu ya Kagwe kutazama matangazo ya moja kwa moja. Uwanja ulikuwa kijani kitupu. Hakuna bendera hata moja iliyopepea.

"Si niliwaambia?" Amida alisema, akicheka.

Zuhair alipanda jukwaani mbele ya waangalizi. Aliinua bendera yake juu, akawasha kiberiti cha gesi, akakishika chini ya pindo. Uwanja mzima ukafanya vivyo hivyo.

Amida aliacha kucheka.

Moto uliilamba nanga, ukazimika. Zuhair akawasha tena. Akawasha mara ya tatu.

"Wananchi wanaiangazia bendera ya Mlinzi kwa maelfu ya mianga," mtangazaji alisema. "Wanakataa kuishusha!"

Waangalizi walisimama, wakapiga makofi. Mkataba uliongezwa miaka tisini na tisa.