Mkuyu wa Mama Mkwe

Bwana Miti alipaza sauti msumeno uzimwe, na kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe idara ya miti ya halmashauri, watu wakamtii.

Walikuwa wamefika uani kwa mama mkwe wake. Mtaa mzima umebaki visiki. Mdudu mgeni, mweusi, mdogo kuliko punje ya ufuta, alikuwa ameanzia mtaa huu huu, akaitoboa mikuyu na kuiambukiza kuvu, ikakauka ikiwa imesimama. Kisha akahamia mitaa mingine bila kibali, jambo ambalo halmashauri ililaani vikali katika vikao kadhaa vyenye chai na vitafunio.

Lakini mkuyu wa mama mkwe ulikuwa umenawiri, majani yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Gamba lake lilijaa vitundu vidogo vidogo, utadhani limechomwa sindano.

"Mnaona? Katoboa weee, kachoka," Bwana Miti aliwaambia wakata miti. "Huu mti ni shujaa."

Wakata miti walitazamana. Bosi wao alihamishiwa huku kutoka leseni za biashara, na bado kila mti kwake ulikuwa mwembe mpaka mtu amsahihishe. Huu angalau aliujua, kwa sababu mtaa mzima uliuita mkuyu.

Tumsamehe kidogo, alikuwa na hofu ya kweli. Mkurugenzi alishamwambia waziwazi: dawa ipatikane kabla ya mvua, au aache funguo za ofisi mezani. Ana watoto watatu shuleni, na usingizi ulikuwa umempaa. Sasa dawa hii hapa, ina mizizi na kivuli, na iko ukweni.

Mama mkwe alitoka akijifunika mtandio. "Mwanangu, mnaukata?"

"Hatuukati, mama. Tunauenzi!"

"Haya. Maana huu mti, marehemu baba yenu..."

Bwana Miti akakumbuka kwamba hajamwamkia. Aibu ikamshika, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilikuwa nasema, marehemu..."

"Mama, usijichoshe kusimama juani. Ingia ndani upumzike."

Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumuuliza mama mkwe swali refu kuliko "Mmeamkaje?" Mkwe mwenye adabu hahoji mambo ya ukweni. Anakaa, anakula, anaaga. Alikuwa anaijua nyumba ile kwa zulia tu, maana ndiko alikozoea kuelekeza macho. Adabu hiyo ilimpatia sifa nyingi kwenye ukoo.

Kazi ikaanza. Matawi yakakatwa vipande, vipande vikachomekwa kwenye vifuko vya udongo, vikachipua kwa fujo. Wataalamu wa chuo waliomba muda wa kuupima ule mti. Mkurugenzi akawajibu kwamba muda wanao wao, yeye ana redio saa nne. Malori yakasambaza miche mikoani, hasa kule ambako mdudu hajafika, ili siku akifika akutane na mashujaa. Bwana Miti akapandishwa cheo na kununuliwa kiti kinachozunguka. Alikizungusha siku nzima.

"Mama ana neno kuhusu ule mti," mkewe alimwambia jioni moja. "Kanipigia tena, anasema lazima akwambie mwenyewe."

"Mwambie asiwe na wasiwasi, siku ya sherehe kiti cha mbele ni chake."

Siku ya sherehe lori la mwisho lilikuwa limeshaondoka, na hakuna wilaya iliyokosa miche. Hema likajaa. Redio ilirusha matangazo moja kwa moja. Mkurugenzi alimsifu Bwana Miti mpaka wakata miti wakaanza kukohoa, kisha akampelekea mama mkwe kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mama yetu, taifa linasikiliza. Marehemu mzee wetu alifanyaje mpaka akapata mkuyu wa namna hii?"

Bwana Miti alikaa wima na kurekebisha tai. Machozi ya furaha yalimlengalenga.

"Ahsanteni, wanangu," alisema mama mkwe. "Siku nyingi nataka kusema, ila huyu mkwe wangu ana adabu mno, haniachi nimalize. Huu si mkuyu. Marehemu alirudi nao kutoka ng'ambo, kijiti tu, kakiviringisha kwenye taulo ndani ya begi wasikione pale mpakani. Nikamwambia, baba watoto, mbona kijiti chako kinatoka vidudu vyeusi? Akacheka. Akasema niviache, huko kwao mti na vidudu vinaishi pamoja na wala havigombani."