Miwani ya Kuazima

Ilikuwa mwaka 1987, wakati wa masika. Semboja, dereva wa lori lenye tela kwa miaka ishirini na sita, alikwenda kuhuisha leseni akiwa amevaa miwani ya dereva mwenzake, Kibwana.

"Soma mstari wa chini, mzee wangu," alisema ofisa, akimwonyesha ubao wa herufi wa kupimia macho.

"Naona ukungu tu, mwanangu."

Ofisa akalikata kwa wino mwekundu daraja la malori kwenye leseni, akaliacha la magari madogo.

"Gari dogo sina," alinong'ona Semboja.

Nje, Kibwana aliuliza, "Umelivuka daraja?"

"Limevunjika nikiwa katikati."

Semboja aliifuta miwani kwa upindo wa shati, akamrudishia mwenyewe. Kibwana akaivaa, akaingia ndani kupimwa naye, akipapasa ukuta.